Kopo la magnesiamu la elfu 55 "linalosafisha mishipa": nimemeza vidonge karibu vyote, haya ndo majibu yangu

Nyota mbili kati ya tano, na hiyo ya pili nimeitoa kwa shingo upande, ntaieleza mbele huko.

Basi mwezi wa pili walikuja watu na banda la vipimo pale mtaani kwetu Kariakoo, asubuhi kabla sijanywa chai, nikajipanga foleni kwa sababu ni bure tu, sikuwa hata naumwa. Nina miaka 46, nauza vifaa vya umeme, na kuuza kwenyewe ni kukaa, kutwa kwenye kiti, chakula naletewa na mama lishe, wali maharage, ikifika Ijumaa chipsi kuku, soda siku ya joto na Dar hii nyie mnajua siku isiyo ya joto ni ipi. Majibu yakaja: trigliseridi, aina ya mafuta ya kwenye damu, 2.6 wakati wanataka isizidi 1.7, LDL ile kolestero mbaya 4.1, HDL ambayo ndo mafuta mazuri iko 0.9 na mwanamke anatakiwa awe juu ya 1.3. Daktari akanitizama akaniambia mama, nakupa miezi mitatu, punguza sukari na vya kukaanga, tembea, uje tupime tena, ikibaki hivi tutaanza statini, vile vidonge vya kushusha kolestero. Hakunitisha, aliongea vizuri tu, mimi ndo nilijitisha mwenyewe kwa sababu baba yangu aliondoka na kiharusi.

Kosa langu nikaisema kwenye grupu la familia. Haikupita nusu saa wifi yangu (mke wa kaka, anauza virutubisho, ana mdomo huyo mtoto wa watu Mungu amjalie) akanitumia sauti ya dakika nne. Wifi usianze dawa za hospitali, ukizianza huziachi, mimi nina kitu hapa, magnesiamu, ndo statini ya asili, inayeyusha mafuta, inasafisha mishipa kama jiki kwenye shuka, wazungu wenyewe wameshaandika. Halafu picha za kopo, halafu video ya mshipa umejaa ugandu wa njano, kidonge kinaingia, ugandu unatoka, damu inapita swaaafi. Elfu 55, na bodaboda elfu 3. Nikalipa. Sitaki mniulize kwa nini, wifi ni wifi.

Kopo lenyewe zuri, sitamsingizia. Mfuniko wa kijani, moyo mwekundu una jani juu yake, limefungwa na ile plastiki ya usalama vizuri kabisa, tarehe ya kuisha bado sana. Vidonge 90, vikubwa, vyeupe, havina harufu, ila vikikaa mdomoni sekunde mbili ni kama umelamba ukuta wa chokaa. Mbele imeandikwa magnesiamu 500 kwa herufi za kuonekana mpaka ng'ambo ya barabara. Nyuma kuna maandishi ya kusomea na miwani. Hapo nyuma ndo stori yote ilipo na mimi sikusoma.

Wifi aliniambia viwili kwa siku. Siku ya kwanza hamna kitu, ya pili tumbo linaunguruma, ya nne nimeenda choo cha soko mara tatu kabla ya saa nane mchana na kile choo unalipia kila ukiingia, yaani mpaka mlinzi wa pale akaniambia mama leo ungekata ya mwezi. Nampigia wifi ananiambia ndo mafuta yanatoka hayo, vumilia. Jamani. Mafuta ya kwenye damu hayatokei chooni namna ile, hata mimi wa vifaa vya umeme najua.

Jioni nikapita famasia ya karibu na nyumbani kutafuta kitu cha kuzuia tumbo, kijana wa pale (mfamasia kweli, sio yule anayeuza tu) kabla hajanipa chochote akauliza mama unatumia dawa gani sasa hivi, nikatoa kopo kwenye pochi. Akaligeuza. Akacheka kidogo akasema, mama, hii ni oksaidi.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa maana hapa ndo hela zinapoliwa. Magnesiamu haiuzwi ikiwa peke yake, ni metali ile, huwezi kumeza, lazima iwe imeshikana na kitu kingine: oksaidi, sitrati, kloraidi, glisinati, salfeti. Lile jina la pili ndo linaamua kila kitu. Oksaidi imebeba magnesiamu nyingi kwa uzito, kama asilimia 60, ndo maana viwanda vinaipenda, kidonge kinakuwa kidogo na namba inakuwa kubwa. Lakini haiyeyuki vizuri, utumbo unaikataa, kuna jaribio la Marekani la 2001 walikuta inafyonzwa kama asilimia 4 tu. Piga hesabu na mimi: nyuma ya kopo langu ile 500 ni uzito wa oksaidi nzima, sio magnesiamu, kwahiyo magnesiamu yenyewe ni 300 hivi, na kwa asilimia 4 inayoingia mwilini ni miligramu 12. Kumi na mbili! Kiganja cha korosho, gramu 28, kina 74, na hata ukisema mwili utachukua theluthi tu bado korosho imeshinda kidonge mara mbili na ni tamu. Inayobaki inakaa kwenye utumbo inavuta maji, ndo hiyo safari ya choo. Ni kazi ileile ya chumvi ya haluli waliyokuwa wanatupa bibi zetu, na chumvi ya haluli ni nini kama sio magnesiamu salfeti, enhe, nimelipa elfu 55 kununua haluli yenye picha ya moyo.

Kijana wa watu akaniambia na hivi vile vidonge vya kutafuna vya kiungulia tunavyonunua kwa Mangi, ile tunayoita magnesiamu tu, navyo ni ndugu wa hawa hawa, ila pale kazi yake ni kuzima asidi ya tumbo, haina habari na mishipa yako.

Nikarudi nyumbani nimenuna. Lakini mimi nikishakasirika nasoma. Nilitaka nimkamate wifi uongo, nimtumie kwenye grupu aone aibu. Na hapa naomba niwe mkweli, sikumkamata kama nilivyotaka. Stori ya magnesiamu na mishipa sio ya kutunga. Ipo. Ila haifanani na video.

Iko hivi. Mwilini tuna magnesiamu kama gramu 25 tu, zaidi ya nusu iko kwenye mifupa, nyingine kwenye misuli na viungo, kwenye maji ya damu haifiki hata asilimia 1. Ila hiyo kidogo inasaidia vimeng'enya zaidi ya 300, vile vifundi vya ndani vinavyoendesha kazi za mwili, kufanya kazi. Mwaka 1932 kule Baltimore, Marekani, chuo cha Johns Hopkins, mtafiti McCollum na wenzake waliwalisha panya chakula kisicho na magnesiamu kabisa, ndani ya siku chache masikio ya panya yakawa mekundu, mishipa imetanuka, halafu wakawa wa kushtuka shtuka ovyo, halafu degedege, wakafa. Mimi hiyo ya masikio imenikaa kichwani mpaka leo. Yaani kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa kwenye mishipa ya damu, kabla hata ya degedege.

Baadae Wafaransa wa Clermont-Ferrand, kuna mmoja anaitwa Yves Rayssiguier, walikaa na panya miaka mingi wakiangalia mafuta yao. Panya akikosa magnesiamu trigliseridi zinapanda, HDL inashuka, picha ileile ya karatasi yangu ya majibu! Na sababu wakazipata: kuna kimeng'enya kinachokaa kwenye kuta za mishipa midogo kazi yake kupasua yale mafuta yanayosafiri na damu ili misuli iyatumie, magnesiamu ikipungua kinalegea, mafuta yanabaki yanazunguka tu kama daladala lisiloshusha. Kingine ndo kinaisaidia HDL kukusanya kolestero, nacho kinalegea. Halafu kule kwenye ini kuna kimeng'enya kinachotengeneza kolestero, ndo hicho hicho statini inakizuia, na mwili wenyewe una namna yake ya kukizima kikifanya kazi sana, na hiyo namna inahitaji magnesiamu. Ndo ile "statini ya asili" ya wifi ilipotokea! 2004 wanawake wawili wa Marekani, Andrea Rosanoff na Mildred Seelig, waliandika makala wakilinganisha magnesiamu na statini, wauza makopo dunia nzima wakadaka neno wakakimbia nalo, wifi yangu naye akalidaka huku Tabata.

Na upande wa mishipa kuna mama mmoja wa Milan, Italia, Jeanette Maier. Huyu hakwenda kwa panya, alichukua seli zenyewe za binadamu. Mishipa yetu kwa ndani ina ngozi nyembamba sana, seli moja tu unene wake, zinaitwa seli za endotheli, fikiria kama vigae vya bafuni, vikiwa vizima maji yanateleza, kimoja kikibanduka uchafu unaanza kushika. Yeye na wenzake wakaangalia hizo seli zikiwekwa kwenye maji yenye magnesiamu kidogo zinafanyaje. Kwanza zinaacha kuongezeka, yaani kigae kikitoka hakuna fundi wa kuziba. Pili zinaanza kupiga kelele ya uvimbe, zinamwaga kemikali za kuita askari. Tatu zinatoa kama ndoano kwa juu na zile chembe nyeupe za damu zinanasa hapo, na ndo hivyo ugandu wa mafuta unavyoanzaga, chembe nyeupe inanasa, inaingia chini ya ngozi, inakula mafuta, inavimba, inakaa. Nne zinatengeneza zaidi kitu kinachozuia damu iliyoganda isiyeyuke. Ukiiangalia hiyo orodha ni njia nzima ya kuelekea kwenye mshtuko wa moyo, na kisa ni madini tu yamepungua. Na cha kufurahisha walivyorudisha magnesiamu seli zikaanza tena kuongezeka.

Ongeza na hili: magnesiamu na kalsiamu ni kama mtu na wifi yake, huyu anakaza huyu analegeza. Kalsiamu ikiingia kwenye msuli wa mshipa, mshipa unajikaza, presha juu. Magnesiamu inaizuia mlangoni.

Kwahiyo wifi hajaongopa? Ngoja sasa.

Panya wale walinyimwa kabisa. Seli za Milan zilikuwa kwenye kisahani, na kwenye kisahani unaweza kushusha magnesiamu mpaka kiwango ambacho binadamu akifikia yuko wodini tayari na drip mkononi. Stori yote hiyo ni ya UPUNGUFU. Inakuambia ukikosa utaharibikiwa, haikuambii ukiongeza wakati unayo utasafishika. Ni kama gari, bila oili injini inakufa, haya, sasa mimina lita tano juu ya oili iliyopo uone kama litakimbia zaidi. Na watu walivyofanyiwa majaribio, wanapewa vidonge wengine wanapewa vya bandia visivyo na kitu ndani, majibu ya mafuta yamekuwa hivi na hivi, wakijumlisha tafiti pamoja kolestero na trigliseridi hazisogei kwa maana. Presha ndo inasogea, ila kidogo: 2016 walijumlisha majaribio 34 yenye watu 2,028, kipimo cha katikati miligramu 368 kwa siku, muda wa kama miezi mitatu, ile namba ya juu ya presha ikashuka kwa 2. Mbili! Mimi nikipanda ngazi za dukani inapanda zaidi ya hapo.

Mwezi wa tano nikarudi kupima, safari hii nimelipia. Vidonge nilikuwa nimeshusha mpaka kimoja kwa siku, tumbo likatulia kiasi, nikawa navimaliza kwa hasira tu maana nishalipia. Trigliseridi 2.5. LDL 4.2. HDL vilevile. Yaani kopo karibu zima la elfu 55, mia sita na ushee kwa kidonge, mafuta hayajui hata kama kuna mgeni kaingia. Kweli na mimi sikuacha chipsi kama nilivyoahidi, naomba hilo liandikwe, sio kosa la kopo peke yake. Na nikamuuliza daktari anipime na magnesiamu yenyewe, ikaja 0.84, kawaida inacheza kwenye 0.75 mpaka 0.95 hivi. Akaniambia usifurahi sana, damu inaficha, ikipungua inakopa kwenye mfupa, namba inaweza kuwa nzuri na ghala liko nusu. Lakini dalili za upungufu sikuwa nazo na sababu za kupungukiwa sikuwa nazo. Nikaanza statini kidonge kimoja usiku. Miezi mitatu baadae LDL 2.6, trigliseridi 1.9, na tumbo halijasema neno.

Sasa ngoja niwaambie kilichonifanya nikaandika yote haya maana ningekuwa nimeshamaliza na nyota moja.

Wakati mimi namimina vidonge, chumba cha pili analala mama mkwe wangu, miaka 71. Ana presha, anatumia kile kidonge cha kukojoa. Na ana kiungulia, ameandikiwa omeprazoli zamani sana siku kumi na nne, akaona inamsaidia akawa anajinunulia mwenyewe, mwaka wa nne huu kila asubuhi kabla ya uji. Hakuna aliyemuuliza na sisi hatukuwa na habari, omeprazoli hapa inauzwa kama njugu. Akaanza kutetemeka vidole, nyama ya jicho inacheza cheza, mara miguu inakakamaa usiku anapiga kelele, sisi tunasema uzee, tunamchua na mafuta ya nazi. Kupelekwa hospitali potasiamu iko chini, wanampa ya kunywa, wiki mbili bado chini, wanaongeza, bado. Ndo daktari mmoja dada mdogo mdogo hivi akasema pimeni magnesiamu. 0.48.

Nilipata aibu ambayo sijui niielezeje. Kopo liko juu ya friji, nalimeza mimi nisiye na shida, mwenye shida anapita chini yake kila siku kwenda kuchukua maji.

Yule dada alitueleza vizuri mno. Kidonge cha kukojoa kinaitoa magnesiamu kwa mkojo, omeprazoli na ndugu zake zikitumika muda mrefu, hasa zaidi ya mwaka, zinafanya utumbo usiifyonze, Wamarekani wa mamlaka yao ya dawa walishatoa tahadhari tangu 2011, na wakasema karibu robo ya wagonjwa waliowaangalia hata wakipewa magnesiamu haikupanda mpaka dawa ya asidi ikasimamishwa. Na magnesiamu ikiwa chini figo zinamwaga potasiamu, ndo maana ile potasiamu ilikuwa kama kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Wakampima figo kwanza, wakamchoma ya kwenye mshipa siku mbili, omeprazoli ikatolewa akapewa kitu kingine, kidonge cha presha kikabadilishwa. Ndani ya wiki vidole vimetulia. Sasa hivi anachambua mchele mwenyewe na ananisema mimi kwamba naweka chumvi nyingi.

Wengine wanaopungukiwa kweli aliotutajia: wenye kisukari ambacho hakijatulia, maana sukari ikizidi inatoka na mkojo na magnesiamu inadandia, wanaokunywa pombe sana, wanaoharisha muda mrefu. Na ukiangalia hao wa kisukari na presha ndo haohao mishipa yao iko hatarini, kwahiyo hapo stori ya Milan inaanza kuwa na miguu. Kwa mtu wa namna hiyo kuuliza magnesiamu sio ushamba.

Kipi nanunua sasa. Mama mkwe aliandikiwa ya unga, sitrati, kutoka famasia, elfu 38, kijiko kimoja kinampa miligramu 200 na hiyo ni magnesiamu yenyewe imeandikwa wazi kwenye lebo, sio uzito wa mzigo mzima. Unakoroga kwenye maji, ina uchachu kama wa ndimu iliyokaa, mama anasema ni kama juisi ya watu wasio na sukari. Inafyonzwa vizuri kuliko oksaidi, tumbo linaweza kulegea ukizidisha lakini sio vita. Hiyo naipa nyota nne, moja nimeipunguza kwa kopo kutokuwa na kijiko chake, kila nyumba ina kijiko chake jamani, kijiko cha chai cha kwetu na cha jirani sio kimoja.

Mimi mwenyewe simezi tena. Mwanamke wa umri wangu anahitaji 320 kwa siku, mwanaume 420, na hiyo ni pamoja na chakula. Nimebadilisha sembe kwa dona, basi. Unajua kwenye unga wa mahindi magnesiamu inakaa kwenye kiini na pumba, dona ina kama 127 kwa gramu 100, sembe iliyotolewa kiini inabaki 32 hivi, yaani tunalipa mashine itutolee madini halafu tunakwenda kumlipa wifi aturudishie. Mbegu za maboga nilizokuwa natupa, gramu 28 zina 156. Mchicha nao, ule ukijani wenyewe wa jani katikati yake imekaa magnesiamu, kila jani la kijani lililoko duniani. Mzee wa nyumbani wiki ya kwanza aligoma dona anasema ni ugali wa shule ya bweni, siku hizi hasemi kitu, nampikia na dagaa wa nazi.

Kabla hujakimbilia kununua, haya yule mfamasia alinisisitizia na nayasema kwa sababu kopo langu halikuandika hata moja. Mwenye shida ya figo asiguse bila daktari, figo ndo zinatoa ziada, zikishindwa inajaa mpaka moyo unazubaa na pumzi inakwama. Wanaotumia dozi ya ARV yenye dolutegraviri, na ni wengi humu, magnesiamu inaishika dawa tumboni isiingie, kwahiyo dawa yako inywe masaa mawili kabla ya magnesiamu au masaa sita baada, na hiyo ni pamoja na vile vya kutafuna vya kiungulia. Doksi na sipro, zile antibaiotiki, hivyohivyo, usizichanganye. Na Wamarekani wameweka ukomo wa 350 kwa siku kwa ya vidonge, juu ya hapo tumbo litakwambia lenyewe.

Nilimwambia wifi yote. Sikumtia aibu kwenye grupu, nilimfata Tabata na kopo mkononi, nikamgeuzia nyuma, nikampa miwani yangu. Akasoma kimya. Akasema wifi mi mbona nilijua magnesiamu ni magnesiamu. Mzigo wa jumla anachukua kwa mtu naye kamwambia hivyohivyo. Hela hakurudisha, alinipa kanga doti moja, sijui kama ndo fidia au ni kanga tu. Na bado anaziuza ila ile video ameifuta, naona siku hizi anaandika "kwa afya ya tumbo".

Ambayo ndo kweli, na ndo nyota yangu ya pili ilipotoka. Vilibaki vidonge kumi na moja. Mzee wa nyumbani choo kikimgomea baada ya nyama choma za Jumapili anakunywa kimoja usiku, asubuhi anaamka anaimba.